Kifuniko cha Kopo Shingoni Mwangu

Mambo yote yalianzia kwenye sinia ya pilau. Siku ya Idi, jirani yangu, mke wa mwenye boti, huwa anatuita sisi Waprotestanti wa mtaa tule kwake, kama sisi tunavyomwita yeye siku ya Noeli. Tuko pale kwenye mkeka, mikono imekwisha kuoshwa, mara mwanawe wa kiume anaingia, anasimama wima mbele yetu na kuanza kumwaga Kifaransa. Bonjour mesdames, hivi na vile, sentensi inafuata sentensi, mpaka sisi wanawake wazima tukaacha matonge hewani. Alipomaliza akamgeukia binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi na mmoja na yuko darasa la sita, akamuuliza kitu kwa lugha hiyo hiyo. Binti yangu akamtazama vizuri, akanyoosha sahani yake na kumwambia: "Aksanti. Unipatie nyama yenye iko na mufupa."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini kwa meno tu. Moyoni nilikuwa nimeungua. Jirani yangu akaeleza kwamba wamemtafutia kijana mwalimu wa nyumbani, anakuja kila jioni, na alieleza kwa ile sauti ya chini ambayo watu wanaitumia wakitaka wasikike mpaka parsela ya tatu, nyumba tatu mbele. Nilimaliza pilau yangu bila kuonja chochote. Kabla sijavaa viatu kutoka pale mlangoni, nilikuwa nimekwisha kukata shauri: wangu atapata mwalimu wa bei zaidi.

Mimi ni muuza vitenge katika soko la Baraka. Nimekulia upande wa Kilembwe, nikasoma mpaka darasa la tatu, halafu masomo na mimi tukaagana bila ugomvi. Kifaransa changu wakati ule kilikuwa maneno matano: bonjour, merci, oui, très bien, na combien, kwa sababu ya kazi. Kwa maneno hayo matano nimeuza kitenge kwa watu wa mashirika, kwa wanajeshi, kwa wapambe wa harusi, na hakuna aliyejua kwamba baada ya la tano kuna ukuta. Ujanja wangu ulikuwa uso. Mtu akiniongelesha Kifaransa ninainua nyusi, ninatikisa kichwa pole pole, ninasema oui. Watu wengi wanatafuta mtu wa kuwakubalia tu, basi wanafurahi na kwenda zao.

Nilichokuwa ninakitaka kilikuwa wazi, na nilikisema kwa kila mtu mwenye masikio. Kule Uvira kuna lise, sekondari ya bweni ya masista. Msichana akiingia pale, anatoka na kazi mkononi. Lakini ili aingie lazima afanye teste, mtihani wa kuingilia, na kwenye teste hiyo kuna imla ya Kifaransa, na ni imla hiyo inayowarudisha watoto wetu wa Baraka na sanduku zao. Nilitaka mwanangu apite. Nilitaka pia, na hili sikulisema kwa mtu, jirani yangu asimame ufukweni mwa ziwa siku ya safari na kumwona akipanda boti ya mume wake mwenyewe, na valizi mpya ya nguo mkononi, kama abiria aliyelipa.

Yule binti, lazima niseme alivyokuwa. Alikuwa muongeaji. Mdomo wake haukuwa na Jumapili. Ninaporudi sokoni alikuwa ananipokea barabarani na kunifuata kutoka mlangoni mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka choo, anasubiri nje ya choo, anaendelea: nani amepigwa darasani, mbuzi wa nani ameingia kanisani, mwalimu gani amekuja na soksi mbili zisizofanana. Nilikuwa ninamwambia, wewe mutoto, uniachie hata nipumue. Mungu alinisikia, na mimi nilikuwa sijui kwamba ananisikia.

Mwalimu niliyempata alikuwa kijana wa Bukavu, amemaliza chuo kikuu upande wa Kifaransa, anafundisha sekondari hapa mjini. Viatu vyake vilikuwa safi hata wakati wa mvua, na mpaka leo sijui alikuwa anapita wapi katika tope hili letu. Bei yake siitaji, maana mume wangu anajua kusoma. Niseme tu kwamba msimu ule meza yangu sokoni ilianza kuonyesha mbao zake, na wateja walipouliza vitenge vipya vya Kigoma viko wapi, nilijibu kwamba boti imechelewa.

Siku ya kwanza aliongea nasi kwa Kiswahili, na ilikuwa siku ya mwisho. Alisema Kifaransa hakiingii kwa mtoto kama nyumba nzima inavuja Kiswahili. Kuanzia leo, ndani ya parsela hii, Kifaransa peke yake. Yeye mwenyewe hataniongelesha kwa lugha nyingine, hata nikilia. Na ili sheria ipate meno, tutaweka sembole. Sote tuliijua sembole, hata wazazi wetu waliivaa shuleni: kipande cha mti au mfupa, kinatundikwa kwenye shingo ya mwanafunzi aliyekamatwa anaongea Kiswahili au Kibembe, na hakitoki mpaka amkamate mwingine na kumvika. Mwalimu akauliza kama nina kitu cha kutumia. Kama nina kitu! Nilikimbia mwenyewe jikoni, nikachukua kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, nikakitoboa kwa msumari, nikapitisha nailoni ya wavu wa ndagala. Nilikisugua hata kwa majivu ili king'ae.

Mtoto atakayekutwa nacho mwalimu akifika, alisema, atanakili ukurasa mzima. Mimi nikaona adhabu hiyo ni laini. Alipokwisha kwenda nilimshika binti yangu mabega na kumdanganya kwamba kule Uvira masista wanamuuliza kila mtoto kama amewahi kuvaa sembole, na aliyewahi hawamchukui. Nililitunga palepale, nikiwa nimesimama, na nikajisifu kwamba ninajua kulea.

Sasa, nani alikuwa bingwa wa kuvaa kile kifuniko? Jioni ya kwanza kabisa niligusa sufuria ya sombe bila kitambaa, nikaita Yesu wangu kwa Kiswahili, na binti yangu akanivika pole pole, kwa heshima, kama mtu anayemvika askofu. Kesho yake nikamkamata yeye? Wapi. Alifunga mdomo kama duka la mtu aliyefiwa. Nikaenda sokoni na kifuniko changu shingoni kwa sababu sheria ni sheria, na huko sokoni ningemkamata nani, wakati soko lote ni Kiswahili? Wauzaji wenzangu wakauliza ni nini hiki. Nikawaambia ni alama ya wazazi ambao watoto wao wanatayarishwa. Ndiyo, nilisema hivyo, kidevu juu. Mmoja wao, muuza unga, akaniuliza vinauzwa wapi.

Mama yangu mzazi, ambaye watoto wanamwita Koko, anaishi nasi tangu alipoteremka kutoka Fizi. Alisikiliza sheria mpya mpaka mwisho, akachukua kiti chake kidogo, akatoka nje ya lango na kukaa kando ya barabara. Akawa anapokea wageni wake huko huko. Huko ndiko alikokula, ndiko alikochambua maharage. Watu waliopita wakaamini kwamba nimemfukuza mama yangu, na mchungaji akaja kutupatanisha. Aliingia uani na kunisalimia kwa Kiswahili, na mimi, na kifuniko changu, nikamshika mchungaji wa Mungu kwenye mkono wa koti na kumburuta mpaka barabarani ndipo nikamjibu. Nadhani aliniombea wiki nzima.

Mume wangu anafanya biashara ya mchele na mafuta huko Lulimba, anauzia wachimba dhahabu, anarudi mara moja moja. Alirudi na vumbi la barabara mpaka kwenye kope, akaomba maji ya kuoga, na kabla hajamaliza kuomba akavikwa kifuniko. Alinitazama mimi. Nikamwambia très bien. Safari hiyo alirudi Lulimba mapema kuliko kawaida, akasema kule kwenye mashimo angalau mtu akiongea anajibiwa.

Na yule binti akanyamaza. Nikirudi sokoni ninamkuta mezani, mgongo umenyooka, kitabu wazi. Hakuna mbuzi, hakuna soksi. Nilifurahi, wallah kama wanavyosema majirani zangu, nilifurahi sana. Niliwaambia watu kwamba mtoto amepata adabu, kwamba ndivyo watoto wa watu waliosoma walivyo, wanatunza maneno. Jikoni niliona kimya ni kirefu kidogo, lakini nikasema hiyo ndiyo bei.

Tatizo lilikuwa imla. Mwalimu alikuwa anakaa kwenye foteyi, kile kiti chetu kizuri cha wageni, upande wa kushoto wa mtoto, na kusoma kwa sauti, na mtoto anaandika. Mwanzoni kazi yake ilikuwa na wino mwekundu wa hapa na pale. Halafu ule wekundu ukazidi. Maneno mazima yalikuwa hayapo, ameyaruka. Mwalimu alinionyesha ukurasa na kunieleza kwa Kifaransa kirefu, na mimi nikainua nyusi. Maelezo sikuyapata, lakini wino mwekundu unaeleweka kwa lugha zote. Nikamwongezea saa. Ilipokuwa haitoshi nikamwongezea Jumamosi. Ilipokuwa bado, nikamwongezea Jumapili baada ya ibada, na Koko, kule barabarani, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba hata punda wa kuzimu anapumzika Jumapili. Sikuweza kumjibu kwa sababu nilikuwa ndani ya parsela.

Kitu kimoja tu kilinitia moyo. Mwalimu akiwa anasoma, mtoto alikuwa anageuza uso pembeni, anautupa ukutani, kidevu kimeinuka kidogo, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho kwa upande mmoja. Hakuwahi kufanya hivyo zamani. Nikasema moyoni, hee, Kifaransa kimeanza kuingia. Nilifikiri ndivyo wanavyosikiliza watu wa Ulaya, kwa maringo. Nililipenda pozi lile mpaka nikaliiga. Mteja akiuliza bei ya kitenge, ninageuza uso pembeni kwanza, ninainua kidevu, ndipo ninataja. Wengine walidhani ninachungulia mwizi.

Siku moja mchana nilikuwa uani, ninakunja vitenge nilivyokuwa nimevianika baada ya mvua kupenya kwenye kibanda changu cha sokoni. Binti yangu akatoka ndani. Alikuja mpaka mbele yangu, akasimama, mkono mmoja ameuweka kwenye upande wa kichwa, na akaanza kusema. Ilikuwa sentensi ndefu, nzuri, inapanda inashuka, haina hata neno moja la kukwama. Sikuelewa kitu. Lakini machozi yalinijaa. Nilijiona nimesimama ufukweni, valizi ile, boti ile. Nikaangusha vitenge kwenye matope na kumpigia makofi.

"Très bien!" nikamwambia. "Très bien!"

Hakuondoka. Nikampa ishara kwa mkono arudilie. Akarudilia, pole pole zaidi, ananitazama mdomoni. Nikapiga makofi tena, nikamshika mkono na kumpeleka langoni ili Koko asikie, pamoja na mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na beseni la samaki wa mukeke kichwani. Akasema mara ya tatu. Wale wawili hawakuelewa zaidi yangu, lakini waliona ninapiga makofi, nao wakapiga. Binti yangu alisimama akituangalia sisi watu wazima watatu. Halafu akageuka, akarudi mezani. Nikadhani amejaa furaha mpaka imemshinda.

Jioni ile mwalimu, akiwa anatoka, alisimama mlangoni na kuniuliza kitu. Uso wake ulikuwa na wasiwasi kidogo. Niliona ni swali kwa sababu alisubiri. Nikamjibu: oui, oui, merci mwalimu, très bien. Akaonekana kutulia, akaaga. Siku zilizofuata aliuliza tena, nami nikajibu vile vile, na kila mara nilijipongeza kwamba mimi na mwalimu sasa tunaongea.

Basi, jirani yangu akaja. Alikuwa anatafuta kitenge cha harusi ya ndugu ya mume wake, na badala ya kunifuata sokoni akanifuata nyumbani, ndiyo heshima aliyonifanyia. Kwa ajili yake sheria ililegea, wageni wakubwa hawavikwi kifuniko. Nilikuwa nacho mimi, kama kawaida. Nilimkalisha kwenye foteyi ya mwalimu. Binti yangu yuko mezani, ametugeuzia upande wake wa kushoto, anasoma. Nikaona saa imefika. Nilikuwa nimejifunza neno la sita kwa kumsikiliza mwalimu, nikalitoa, lile la kumwita mtu aje: "Viens!"

Hakugeuka. Nikaita tena kwa nguvu zaidi, ninamtabasamia mgeni. Hakugeuka. Jirani yangu akaanza kutazama vidole vyake kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyonichoma. Nikaondoka kwenye kiti, nikamfuata mtoto mezani na kumvuta sikio, sikio la kushoto, kama mama zetu walivyotuvuta sisi, si kwa hasira, kwa kumkumbusha tu.

Akaanguka chini. Alianguka kwenye simenti na kujikunja. Na hakulia mama wee, kama anavyolia mtoto yeyote wa Baraka. Alijiziba mdomo kwa mikono yake miwili, akawa anatetemeka, macho amenikazia mimi, hayatoki. Vidole vyangu vilikuwa na maji maji ya njano, na yalinuka.

Aliyefanya kazi ni jirani yangu. Alivua mtandio wake mwenyewe, wa sikukuu, akamfunga nao mtoto kichwani, akatoka nje kusimamisha piki mbili. Mimi nikapanda moja na mtoto, yeye akapanda nyingine nyuma yetu, na Koko akabaki barabarani amesimama, kiti chake kimeanguka. Njia nzima kitu kilikuwa kinagonga kwenye kifua changu, ngle ngle ngle, na sikujua ni nini.

Kwenye kituo cha afya alikuwepo muganga mwanamke, mtu wa kwetu, mchovu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimkalisha mtoto kwenye meza, akamulika ndani ya sikio la kushoto, akamulika tena. Akasema limeoza usaha, na si la jana. Akaanza kulisafisha, na machozi ya mtoto yakawa yanateremka bila sauti. Muganga akamuuliza ameanza kuumwa lini. Mtoto akanitazama mimi. Muganga akamuuliza tena, kwa upole, kama hasikii hata kwa sikio lingine. Mtoto akanitazama tena, lakini chini ya uso wangu, shingoni. Ndipo na mimi nikakumbuka kifuniko.

"Na haukuambia mama yako?" muganga akamuuliza.

Binti yangu akanyoosha mikono. Akashika nailoni, akaipitisha juu ya kilemba changu bila kukiharibu, akajivika mwenyewe. Akakiweka kifuniko sawa kifuani. Hapo ndipo akafungua mdomo.

"Nilimuambia," akasema. "Na Kifaransa, juu Kiswahili ilikatazwa. Nilisema: mama, sikio yangu inaniuma sana, na upande huu sisikie tena. Akanipigia makofi. Akanionyesha nirudilie."

Muganga akaacha pamba hewani.

"Nikarudilia," mtoto akasema.

Akaendelea, maana sasa kifuniko kilikuwa chake na adhabu amekwisha kuichukua, hata ile ya masista niliyoitunga mimi. Alisema alianza kumwambia mwalimu, na mwalimu akamwambia amwambie mama. Alisema mwalimu mwenyewe alimuuliza mama pale mlangoni kama mtoto amepelekwa kwa muganga, na mama akajibu oui, merci. Alisema hayo yote bila kunishitaki, kama zamani alivyokuwa anaeleza habari za mbuzi. Jirani yangu alikuwa anatazama sakafu. Muganga akarudi kwenye kazi yake. Mimi, mwenye kelele, ambaye soko zima linanisikia mpaka upande wa wauza chumvi, niliona aibu. Nililia pale, mbele ya mke wa mwenye boti, na haikunihusu tena nani ananiona.

Sikio lilitibiwa, sindano na dawa za matone, kwenda na kurudi. Usaha ulikauka. Usikivu wa upande ule haukurudi wote, muganga alisema ungerudi kama tungefika mapema, na hakuongeza neno, aksanti kwake. Teste ya Uvira ilipita tukiwa bado kwenye matone. Binti yangu anasoma hapa hapa Baraka, anakaa dawati la mbele, na anasema Kifaransa kuliko mimi na majirani zangu wote tukijumlishwa. Lise ile hajaiulizia tena. Mimi ndiye ninayeiota.

Mwalimu alikuja kesho yake na viatu vyake safi, nikamweleza yote kwa Kiswahili, kutoka mwanzo, mlangoni pale pale nilipokuwa ninamjibu oui. Alikaa chini. Alisema alidhani nimekwisha kumpeleka mtoto, maana nilijibu kama mtu anayejua. Sikumfukuza, ningemfukuza kwa kosa gani? Nilimwomba abaki, lakini abadilishe mwanafunzi. Tukaanza na sehemu za mwili. Ninakaa mezani, mwanangu ananisahihisha kutoka jikoni, na Koko, ambaye amerudisha kiti chake ndani, anacheka mpaka anakohoa. Mimi ni mwanafunzi mgumu. Ninainua nyusi na kusema oui, na mwalimu ananiambia, hapana Maman, rudi, niambie umeelewa nini.

Lakini ile siku yenyewe, tulipotoka kwenye kituo cha afya, sikutaka piki. Nilitaka kutembea. Mtoto alikuwa bado na kifuniko, nikamwambia akitoe akitupe, akakataa, akakishika kwa mkono. Tulipofika barabarani akaanza kuongea. Aliongea habari zote alizokuwa amezilundika: msichana aliyehama kwenda Bibokoboko na kulia darasani, mwalimu wao wa hesabu aliyeanguka na baiskeli, paka aliyezaa chini ya kabati letu na mimi sijui. Jirani yangu alitembea nyuma yetu kidogo, kichwa wazi, kwa sababu mtandio wake ulikuwa kwetu. Niliuliza kitu, nafikiri kuhusu paka, na mtoto hakujibu. Nikauliza tena. Akasimama, akaniangalia, akanivuta kwenye mkono na kunizungusha mpaka upande wake mwingine.

"Kuya huku, mama," akasema. "Kule sisikie."

Mpaka leo tukitembea ninakaa upande wake wa kuume.